Pua ya Papa

Mwezi uliopita nilishikwa na mafua ya aina ile inayopita haraka kifuani halafu inang'ang'ania puani. Kwa siku tisa nilikunywa chai ya tangawizi ambayo kwangu ilikuwa maji ya moto tu, nikala maharage yasiyo na jina. Siku ya kumi, nikiwa kwenye foleni ya kahawa chini ya jengo la ofisi yetu, pua ilifunguka ghafla, na kitu cha kwanza kuingia kilikuwa siagi. Msichana wa kaunta alikuwa ametoa trei ya kruasan kwenye oveni. Nilitoka kwenye foleni, nikasimama karibu na mlango, nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu hadi macho yalipokauka.

Si kruasan zilizoniliza. Nilikuwa nimekumbuka mafua mengine, niliyoyapata nikiwa na miaka tisa. Mafua hayo nusura yaharibu harusi ya watu, na ndiyo yaliyofichua jambo ambalo baba yangu alikuwa amelificha kwa zaidi ya mwaka mzima.

Kama ulikulia mtaa wa Bellevue, Johannesburg, miaka tuliyokulia sisi, unazijua zile nyumba: bati jekundu lililopauka, baraza yenye nguzo mbili, dari za chuma zenye maua yaliyofinyangwa, na ndani, mahali palipokuwa makao ya familia moja, familia nne au tano zimegawana kwa mbao na mapazia. Sisi tulipata chumba ambacho zamani kilikuwa cha kulia chakula. Mlango wake ulifungukia jikoni moja kwa moja, na jikoni ndiko kulikokuwa na kitu kilichomfanya Papa aichague nyumba ile: oveni ya zamani ya umeme, nyeupe, yenye mlango mzito kama wa gari, iliyoachwa na wenye nyumba wa kwanza. Siku tuliyokwenda kuangalia chumba, Mama alikagua madirisha na kufuli. Papa alipiga magoti mbele ya oveni, akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa kuta zake kama daktari, akasema, "Bon. Tutakaa hapa."

Jiko hilo tulilitumia pamoja na Mama Nuru, fundi cherehani kutoka Tanga aliyekaa chumba cha nyuma. Yeye ndiye aliyecheka mpaka akaegemea ukuta siku ya kwanza aliponisikia nikimwita baba yangu Papa, kama wanavyofanya watoto wote wa Kikongomani.

"Kwetu papa ni samaki," aliniambia. "Tena anang'ata."

Papa hakung'ata mtu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa iliyokuwa na adabu kuliko mikono yoyote niliyowahi kuiona. Ujana wake aliutumia Lubumbashi, kwanza katika jiko la masista, ambako sista mmoja mzee wa Kibelgiji alimfundisha kila alichojua kuhusu siagi na mayai, kisha miaka mingi katika duka la keki mjini. Huku Johannesburg alikuwa mlinzi. Alilinda ghala la makochi Jeppestown, akiingia kazini jioni na kurudi asubuhi, na niliporudi kutoka shuleni nilimkuta ameshaamka, amejifunga aproni juu ya suruali ya yunifomu.

Jumatano na Jumamosi tulioka. Tulitengeneza wafo, vikeki vya vishimo-vishimo, zenye chenga za sukari zilizopasuka mdomoni. Tulitengeneza biskuti nyembamba za mdalasini ambazo Papa alizikandamiza kwenye kibao cha mbao kilichochongwa umbo la ndege. Na zaidi ya vyote tulitengeneza shu. Shu ni kijimkate cha mviringo, kikubwa kidogo kuliko yai, kitupu ndani kama kengele, ambacho baadaye hujazwa krimu. Papa alichemsha maji na siagi, akamwaga unga wote kwa mara moja, akakoroga mpaka bonge likaachana na sufuria, kisha akaongeza mayai moja moja huku akipiga kwa mwiko mpaka kwapa zikalowa. Vijimkate vikiingia ndani ya oveni, mlango haufunguliwi. "Ukifungua, wanaogopa, wanaanguka," alisema, kana kwamba ni vifaranga.

Shuleni kwetu tulizungumza Kiingereza darasani na Kizulu uwanjani, na jina lile liliniponza. Mwalimu alipotuuliza wazazi wetu hufanya nini wikendi, nilisema Papa hutengeneza shu. Mwalimu akaelewa viatu, kwa sababu kwa Kiingereza ndivyo linavyosikika. Wiki iliyofuata alinipa kiatu chake kilichokatika kisigino, kwenye mfuko wa plastiki, nimpelekee baba. Papa alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akakipeleka kwa fundi wa barabarani, akamrudishia mwalimu kikiwa kizima pamoja na shu sita ndani ya kisanduku, ili aone tofauti.

Lakini ninachotaka kukisimulia ni swali lake. Tulipokuwa jikoni, Papa alikuwa na swali moja aliloniuliza tena na tena.

"Nadège, inanuka nini?"

Aliniuliza alipofungua pakiti ya maziwa, alipovunja yai kwenye kikombe kabla ya kulimwaga pamoja na mengine, siagi ilipoanza kutoa povu. Nikijibu kwa Kiingereza alitikisa kichwa.

"Kwa Kiswahili."

Siku moja biskuti za mdalasini zilikuwa ndani ya oveni nikamwambia zinanuka Krismasi.

"Krismasi iko na harufu gani?"

Nikafikiri. "Mdalasini. Sukari ya kuungua kidogo. Na soksi mpya."

Papa alicheka, akasubiri dakika moja kwa saa ya ukutani, akatoa trei. Zilikuwa zimeiva barabara.

Mimi nilikuwa nimeshalielewa jambo hilo, au nilidhani nimelielewa. Lilikuwa somo la Kiswahili. Kipindi hicho Mama alikuwa akilalamika kila siku kwamba wananiongelesha lugha yao na mimi ninawajibu kama mtangazaji wa televisheni. Kwa hiyo niliona Papa amebuni njia yake ya kunifundisha, na nilitaka kufaulu. Nilimwendea Mama Nuru kuomba maneno kama mtu anayeomba chumvi. Yeye ndiye aliyenipa uchachu, ukungu, kuvunda, kufifia, na akanisahihisha kwamba kitu kizuri kinanukia na kibaya ndicho kinachonuka, tofauti ambayo nyumbani kwetu hatukuwa nayo. Niliyapanga maneno kichwani kwa utaratibu kama jedwali la kuzidisha. Siagi ikiyeyuka inanukia maziwa. Ikikaa inanukia karanga. Ikizidi inanuka mkate ulioungua. Maziwa, karanga, mkate. Papa aliponisikia nikisema "karanga" aliiondoa sufuria motoni papo hapo, na mimi nilijivuna kama mwanafunzi aliyewekewa alama ya vema.

Kulikuwa na mambo ambayo yangemwambia mtu mzima ukweli. Mara moja maharage ya Mama Nuru yaliungua kabisa huku Papa ameketi hatua mbili kutoka jikoni akisoma gazeti, na yeye alikuwa wa mwisho kuinuka. Aliacha kuinama juu ya sufuria akiwa amefumba macho, kama nilivyomkumbuka akifanya tulipofika. Aliongeza chumvi kwenye chakula chake hata kabla hajaonja. Niliyaona yote hayo.

Na kulikuwa na ugomvi wa duka la keki. Mteja mmoja wa Mama kule saluni Hillbrow alikuwa amemwambia kwamba duka fulani la keki la Wazungu, mtaa wa jirani, linatafuta mtu mwenye mkono. Mama alirudi nyumbani karibu akimbie. Papa akavaa shati jeupe, akaenda, akarudi, akasema wamekwisha pata mtu. Baada ya siku chache Mama akagundua kwamba hakuingia ndani. Mteja wake alikuwa amemwona, amesimama ng'ambo ya barabara, kwenye robot, taa za barabarani zikibadilika kijani na nyekundu mara kadhaa, kisha akageuka.

"Mtu mwenye mikono kama yako," Mama alisema nyuma ya pazia, "kwenda kulinda makochi! Makochi, Papa Nadège! Yanaenda wapi?"

"Nitaenda kesho," Papa alijibu.

"Kesho yako haiishaki."

Mimi kitandani niliamua kwamba Papa anawaogopa Wazungu. Nilimhurumia kidogo, na kusema kweli nilimwonea aibu kidogo pia.

Ndipo likaja suala la harusi ya Solange. Solange alisuka nywele meza moja na Mama, na alikuwa amemwuguza mdogo wa Mama, kwa hiyo Mama alipomwahidi zawadi hakuahidi sufuria wala blanketi. Alimwahidi mnara. Watu wa Lubumbashi wanaujua: shu mia mbili zilizojaa krimu, zimebandikwa moja juu ya nyingine kwa karameli, sukari iliyoyeyushwa motoni, mpaka ziwe mlima wenye ncha, na nyuzi za sukari zimezungushwa kama utando wa buibui. Harusi ya heshima kwao haina keki, ina mnara. Papa hakuwa amejenga hata mmoja tangu tuhame. Mama alipomwambia, aliomba karatasi na kalamu akaanza kuchora.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, Papa alirudi kutoka kazini na bila kulala akapika krimu: maziwa, viini vya mayai, sukari, unga kidogo, na kijiti cha vanila alichokuwa amekitunza ndani ya soksi safi kabatini. Akaitia katika mabakuli mawili makubwa, akayafunika kwa kitambaa, akayaweka kwenye friji. Kisha akaoka shu zote mia mbili. Zilikuwa zimetandazwa juu ya meza, juu ya mashine ya kufulia, juu ya kitanda changu, nilipoingia kutoka shule nikivuta kamasi.

Yalikuwa majira ya baridi, baridi ile kavu ya Johannesburg inayopasua midomo, na nilikuwa na mafua tangu Jumatano. Umeme ulikuwa umekatwa kwa zamu kabla ya adhuhuri, trei ya mwisho ikiwa ndiyo imetoka kwenye oveni, na ulikuwa haujarudi. Papa alifungua friji yenye giza, akatoa bakuli la kwanza, akafunua kitambaa kidogo, akanisogezea.

"Inanuka nini?"

Nilivuta pumzi. Hapakuingia kitu, ni kama kunusa dirisha. Lakini somo nililijua. Krimu tulikuwa tumeitengeneza mara nyingi, na majibu yake niliyakariri zamani.

"Maziwa," nilisema. "Vanila. Na yai kidogo, kwa mbali."

"Mzuri kabisa," alisema Papa. Akachota kwa kidole, akaonja, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akajaza mfuko wa kukamulia.

Tulifanya kazi kwa saa mbili. Yeye alitoboa shu upande wa chini na kukamua, mimi nilizipanga. Aliimba. Nilikuwa sijamsikia akiimba kwa muda mrefu, na nilikuwa na furaha ambayo hata sasa naikumbuka kwenye mabega, kama joto la jua. Shu ya mwisho ilijazwa wakati jua linaanza kuzama nyuma ya majengo ya Hillbrow, na mlango ukafunguliwa, Mama akaingia na mkoba wake wa nywele.

Hakuvuka kizingiti. Alisimama akaweka kiganja puani.

"Ni nani alipikaka samaki humu?"

"Hapana samaki," alisema Papa akitabasamu. "Angalia, Mama Nadège. Mia mbili."

Mama alikuja mezani, akainua shu moja, akainusa, akaitazama kama kitu kilichomwita jina. Akaimega. Akaonja kwa ncha ya ulimi, na uso wake wote ukakunjamana.

"Umetia nini humu?"

"Vanila."

"Papa Nadège, usinichezee. Hii ni samaki. Samaki wa kuoza!"

Papa alichukua nusu iliyobaki, akaila yote, akatafuna. Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Iko tamu," alisema. Lakini alilisema polepole, kama mtu anayekanyaga ngazi gizani bila kujua kama ipo nyingine.

Mama Nuru alisikia sauti akatoka chumbani kwake. Alinusa, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Jamani! Ni papa!"

"Papa amefanya nini?" Mama akamgeukia.

"Siyo huyu! Papa samaki! Ndugu yangu kaniletea papa mkavu kutoka nyumbani, nimemloweka kwenye beseni, nikalifunika kwa kitambaa, nikalitia friji asubuhi. Umeme ukakatika, friji ikapata joto, na siagi na krimu hizi hushika kila harufu..." Akaishia hapo, akanitazama mimi, kisha Papa. "Lakini ninyi mlikuwa humu humu. Hamkuisikia?"

Nilisikia maji yakidondoka kwenye sinki. Mama alikuwa akimtazama Papa, na niliona jinsi hasira ilivyomtoka usoni kidogo kidogo, na kitu kingine kikaingia mahali pake. Alikwenda kwenye rafu, akachukua chupa ya siki, akaifungua, akaipeleka chini ya pua ya Papa.

"Hii ni nini?"

Papa hakukwepa. Macho yake tu yalilengwalengwa na machozi kwa ukali wa siki. "Nimeona chupa," alisema. "Ni siki."

"Fumba macho." Akaweka chupa chini, akachukua sabuni ya unga. Kisha akafungua mkoba wake akatoa kopo la mafuta ya nywele. "Na hii? Na hii?"

Papa, akiwa amefumba macho, alisimama kama mtoto aliyeitwa ubaoni. "Sijui," alisema. "Sijui, Mama Nadège. Sisikii kitu. Tangu siku ile."

Siku ile niliijua. Zaidi ya mwaka mmoja nyuma, wezi walimvamia kwenye lango la ghala wakampiga chuma kisogoni. Alilala hospitali siku tatu, akarudi na bandeji, baada ya wiki mbili akaenda kazini. Nyumbani kwetu hadithi hiyo ilikuwa imekwisha. Tulikuwa tumeshukuru kanisani, tumeifunga.

Mama alimkalisha kwenye kreti la soda. Alisimama nyuma yake, akaingiza vidole katika nywele zake, vidole vile vilivyozoea vichwa vya watu, akatembea navyo mpaka akalifikia kovu. Akasimama hapo.

"Juu ya nini haukuniambiaka?"

"Ningekuambia nini? Fundi wa keki asiye na pua ni nani? Ni mlinzi." Alijaribu kucheka. "Ungeacha kunisumbua nitafute kazi. Na miye nilipenda kusikia unanisumbua. Nilijiambia, mtu mmoja bado anaamini."

Mama aliuliza kwa sauti ndogo sana, na Mama Nuru akageuka akaangalia dirishani. "Hata miye? Hata harufu yangu?"

"Hata weye."

Alimwinamia akaweka shavu juu ya utosi wake. Walikaa hivyo. Mimi nilikuwa nimejibana kati ya friji na ukuta, na yote yalikuwa yakijipanga upya kichwani mwangu: gazeti na maharage, robot na shati jeupe, kila siagi, kila yai. Hakuwa akinifundisha maneno. Alikuwa ananiuliza.

"Ni mimi!" nilipiga kelele, nikaanza kulia. "Nina mafua! Sikusikia kitu, nilisema tu! Nilidhani ni somo la Kiswahili!"

Wote watatu walinigeukia. Mama Nuru ndiye aliyeanza, aliguna, akabana midomo, akashindwa. Kisha Mama. Mwisho Papa, ambaye alicheka mpaka akalazimika kushika meza, na shu chache zikabingirika sakafuni. Alinivuta akaniweka magotini ingawa nilikuwa mkubwa wa kutosha kukataa.

"Pua mbili nyumbani," alisema, "na zote mbovu siku moja."

Kicheko kilipokwisha, shu zilikuwa bado pale, mia mbili, na harusi ilikuwa saa tano asubuhi. Mama alifunga kitambaa kiunoni. Alimtuma Mama Nuru nyumba za jirani kutafuta mayai, akaenda mwenyewe spaza, kiduka cha mtaani, kununua maziwa na siagi, na aliporudi alitangaza kwamba tutalala sasa hivi na kuamka saa kumi na moja alfajiri, umeme ukiwa umerudi. Mama Nuru aliosha friji kwa siki na maji ya moto mara mbili, na beseni la samaki wake likalala uani chini ya tofali.

Alfajiri niliwekwa kwenye kiti karibu na mlango, blanketi mabegani, karatasi za kufutia pua mkononi, nimevuliwa cheo. Mahali pangu, kando ya mkono wa kushoto wa Papa, alisimama Mama. Kwa miaka yote hakuwahi kujishughulisha na mambo yale. Aliyaita ya Kizungu, alisema sukari nyingi inalegeza watu. Sasa alikuwa ameinamia sufuria na nywele zake zimefungwa, amekunja uso.

"Inanuka nini?" Papa aliuliza.

"Inanuka mtoto aliyetoka kuoga."

Papa alinigeukia mimi, amechanganyikiwa. Nilinyanyua mabega. "Hiyo ni maziwa ama ni vanila?" akamwuliza.

"Ni mtoto aliyetoka kuoga! Umeuliza, nimejibu."

Ilibidi wajifunze upya, wawili wale, na muda ulikuwa mfupi. Kwa Mama siagi iliyofika ilikuwa "mlango wa kanisa siku ya Pasaka." Yai zuri lilikuwa "haliko na kitu." Karameli ya kwanza alisubiri, akasubiri, kisha akasema, "Sasa ni nywele za kuchomwa." Papa akaruka kuiondoa, lakini ilikuwa nyeusi.

"Mbele ya nywele, Mama Nadège! Uniambie mbele ya nywele!"

"Mbele ya nywele ni nini?"

"Karanga," nilisema kutoka kwenye blanketi langu, na wote wawili wakaitikia kwa kichwa.

Tulibeba shu kwenye makreti, ndani ya teksi ya jirani, mpaka kwenye ukumbi wa kanisa Hillbrow, kwa sababu mnara haujengwi mahali pengine kisha ukabebwa. Papa aliujenga pale pale, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, wakati wanawake wakipanga viti. Alichovya kila shu kwenye karameli kwa ncha za vidole, akabandika, akapuliza vidole vyake, akachovya nyingine. Vidole vilimwungua na hakusimama. Wanawake wakaacha viti wakaja kutazama. Alipofika kileleni alichukua uma mbili, akazichovya, akazivuta juu hewani, na sukari ikatoka nyuzi nyembamba za dhahabu zikauzunguka mlima mzima, na jua lililopita madirishani likazishika. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi mstari wa mbele alivua kofia.

Mengi yalifuata siku ile. Waliomwona Solange akivunja mnara waliuliza ni kazi ya nani, na kwa miaka minane iliyofuata wazazi wangu walijenga minara karibu kila Jumamosi, Papa kwa mikono na Mama kwa pua, mpaka Papa akaacha makochi ya Jeppestown yalindwe na mtu mwingine. Mimi nilipona mafua, lakini sikurudishiwa nafasi yangu. Nilinuna wiki nzima, kisha nikaanza kujifunza mikono.

Nikifumba macho, hata hivyo, siioni ile minara mingine. Nawaona wao wawili baada ya chakula, wameketi pembeni kabisa ya ukumbi kwenye viti vya plastiki, muziki unapiga na watu wanacheza. Mtu amewaletea shu moja kwenye kitambaa cha karatasi. Papa anaitia yote mdomoni. Mama anamwinamia, anaweka mkono wake begani kwake na mdomo wake sikioni, na anaanza kumwambia, taratibu, kitu kimoja baada ya kingine. Siwezi kusikia anasema nini, ngoma ziko juu. Naona tu Papa amefumba macho, anatafuna polepole sana, anangoja kila neno lake.